Darasa la Watoa Usingizi Milimani Boone

Muuguzi wa usingizi nchini Marekani haachi kusoma hadi siku anayostaafu. Cheti chake cha kazi kina mwisho wake, na kila kinapokaribia kuisha ni lazima aonyeshe amejifunza nini tangu alipokipata. Kwa utaratibu ulioanza kutumika Agosti 2016, katika kila miaka 4 alitakiwa kukusanya pointi 100. Kati ya hizo, 60 zilikuwa za daraja la A, zilizotolewa kwa mafunzo yaliyokaguliwa na yenye kipimo cha kuonyesha kama mtu ameelewa. Nyingine 40 zilikuwa za daraja la B, zilizopatikana kwa kazi kama kuwaelekeza wanafunzi, kuandika makala au kushiriki kamati za hospitali. Kabla ya hapo zilidaiwa pointi 40 kila miaka 2. Madaktari bingwa wa usingizi nao wana utaratibu wao: waliothibitishwa kuanzia mwaka 2000 hawapewi tena cheti cha maisha, na sehemu ya kukihuisha ni maswali 30 kila robo mwaka, kila swali likiwa na dakika 1 tu ya kujibiwa.

Nyingi ya pointi hizo zinaweza kupatikana mtu akiwa nyumbani kwake mbele ya kompyuta. Hata hivyo, watoa usingizi huendelea kufunga safari kwenda kusoma kwenye miji midogo ya milimani yenye vyuo, hasa wakati majani ya miti yanapogeuka rangi na wakati wa theluji. Wengine huja na familia, wakasoma asubuhi na kutembea mchana. Boone, katika jimbo la North Carolina, ni mji wa aina hiyo. Masimulizi haya yanahusu semina moja iliyofanyika huko baada ya kimbunga Helene cha mwaka 2024, ambayo mwandishi aliihudhuria kama msikilizaji.

Njia iliyozoeleka ya kufika Boone ni ya kutoka Charlotte, mwendo wa kilomita zipatazo 160. Hadi Hickory na Lenoir ni nchi ya vilima vya chini, iliyojulikana tangu zamani kwa viwanda vya fanicha. Ukishaipita Lenoir, barabara ya 321 inaanza kupanda kwa nguvu, na haichukui muda gari likawa limepanda mita zipatazo 700 na masikio yameziba. Juu ya mwinuko huo ndipo ulipo mji wa Blowing Rock, penye mgawanyiko wa maji: mvua inayonyesha upande wa mashariki huteremka moja kwa moja kuelekea Atlantiki, na inayonyesha upande wa pili huingia mto New, ambao huelekea kaskazini hadi maji yake yaungane na Ohio, kisha Mississippi, na kumwagika katika Ghuba ya Meksiko. Boone uko upande huo wa pili, mita 1,016 kutoka usawa wa bahari, juu kidogo kuliko Moshi.

Mji wenyewe una wakazi wapatao 19,000, na Chuo Kikuu cha Appalachian State kina wanafunzi zaidi ya 20,000. Kwa hiyo maduka, vyumba vya kupanga na mabasi ya bure ya mji hufuata kalenda ya masomo. Chuo kilianza mwaka 1899 kikiitwa Watauga Academy, kwa juhudi za ndugu wawili, Blanford na Dauphin Dougherty, pamoja na Lillie, mke wa Dauphin. Walitaka kuandaa walimu wa kufundisha watoto wa milimani, ambao shule zao hazikuwa na watu waliosomea kazi hiyo. Kikawa chuo cha ualimu, na mwaka 1967 kikawa chuo kikuu. Mwaka 2018 kilifungua jengo kubwa la sayansi za afya karibu na hospitali ya mji. Mji uliozoea kufundisha una faida ambayo hoteli ya ufukweni haina: kumbi zipo, mashine za mazoezi zipo, na wapo vijana wanaokubali kulazwa kitandani ili wageni wajifunze kutafuta mishipa ya fahamu kwa ultrasaundi.

Waliohudhuria wengi walikuwa wauguzi wa usingizi, na wachache madaktari. Nchini Marekani wauguzi wa fani hii ni zaidi ya 60,000. Chama chao kilianzishwa mwaka 1931 na Agatha Hodgins, muuguzi wa Cleveland. Katika hospitali kubwa za mijini hufanya kazi bega kwa bega na madaktari, na katika hospitali nyingi ndogo za vijijini wao ndio watoaji wakuu wa usingizi. Hali hiyo ndiyo inayozipa semina za milimani uzito wake. Mtoa usingizi wa hospitali ya chuo kikuu akikwama huita wenzake, nao hufika kabla dakika haijaisha. Wa hospitali ya vitanda 25, bondeni, saa 8 za usiku, hana wa kumwita. Mshiriki mmoja, mama mwenye asili ya Nyeri anayefanya kazi katika hospitali ya namna hiyo, alilieleza jambo hili wakati wa chai. “Kaka, sisi usiku thieta tunakuwa watatu,” alimwambia mwandishi. “Daktari wa upasuaji, muuguzi wa kumsaidia, na mimi. Mgonjwa akigoma kupumua, mtaalamu ni mimi na msaidizi ni mimi.”

Siku ya kwanza ilitolewa yote kwa njia ya hewa. Mgonjwa aliyelazwa usingizi wa nusukaputi na kupewa dawa ya kulegeza misuli hawezi kupumua mwenyewe, kwa hiyo mtoa usingizi humwingizia mpira kooni au humpulizia oksijeni kwa barakoa. Mara nyingi sana kazi hiyo huenda vizuri. Hatari ni pale mpira unapokataa kuingia na barakoa nayo haipitishi hewa. Mwalimu alianza na kisa cha Elaine Bromiley, mama wa watoto wawili wa Uingereza, aliyeingia thieta Machi 2005 kwa upasuaji mdogo wa puani. Madaktari wenye uzoefu walishindwa kumwingizia mpira na walishindwa pia kumpa oksijeni ya kutosha, lakini waliendelea kujaribu njia ileile. Muuguzi mmoja alileta vifaa vya kutoboa shingo na kutangaza kwamba viko tayari. Hakuna aliyevitumia. Mama huyo hakuzinduka tena, na siku 13 baadaye alifariki. Mumewe, Martin, ni rubani wa ndege, na kwa mazoea ya kazi yake hakutafuta wa kuadhibiwa. Aliuliza kwa nini watu wazuri na wenye ujuzi hawakuona kilichokuwa mbele yao, kwa kuwa katika usafiri wa anga kila ajali huchunguzwa kwa swali hilo. Mwaka 2007 alianzisha kikundi cha kuingiza elimu hiyo hospitalini, na tangu hapo kisa cha mkewe kimefundishwa katika nchi nyingi.

Ukumbi ulitulia. Mwalimu hakuongeza neno la huruma, akaenda moja kwa moja kwenye vifaa. Kwa mujibu wa mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2015, uliokuwa ukifundishwa pia Marekani, vinavyohitajika kutoboa shingo ya mtu mzima ni vitatu: kisu cha upasuaji namba 10, kijiti chembamba kinachopinda cha kuelekeza mpira, na mpira wenyewe namba 6. Kila mshiriki aliwekewa mezani koromeo la nguruwe lililofunikwa kwa kipande cha ngozi. Alitakiwa kupapasa hadi aone kwa kidole bonde dogo lililo kati ya gegedu mbili, achome kisu kwa kulala, akigeuze ili makali yaelekee miguuni, apitishe kijiti pembeni mwa kisu, kisha ateremshe mpira juu ya kijiti. Mwendo wote hauzidi dakika moja kwa aliyezoea. Watu wenye miaka 20 kazini, waliolaza wagonjwa maelfu, walikuwa wakitetemeka mikono walipojaribu kwa mara ya kwanza, kwa sababu wengi wao hawajawahi kulazimika kufanya jambo hilo kwa mgonjwa. Waliporudia hadi mara ya tano, mikono ilikuwa imeshajua njia. Mafunzo ya kompyuta hayawezi kutoa kitu hicho, hata yawe na picha nzuri kiasi gani.

Jambo la pili lililofundishwa kwa mikono lilikuwa joto kali la mwili linaloletwa na dawa za usingizi. Ni ugonjwa wa kurithi na ni nadra, ulioelezwa kwa mara ya kwanza na madaktari wa Melbourne mwaka 1960. Mwenye asili hiyo anaweza kuishi maisha yake yote bila kujua. Siku atakapovuta gesi ya usingizi au kuchomwa suksametoniamu, dawa ya kulegeza misuli, misuli yake inaweza kushika moto kwa ndani: kaboni dioksidi anayotoa huongezeka kwa kasi, moyo hukimbia, taya na viungo hukakamaa, na baadaye joto hupanda. Zamani takriban wagonjwa 8 kati ya 10 walikufa. Dawa inayowaokoa ni dantrolini, na matumizi yake, pamoja na vipimo vya kaboni dioksidi vinavyoonyesha dalili mapema, yameshusha vifo hadi chini ya asilimia 10 pale hospitali ikiwa tayari.

Utayari huo una hesabu yake. Dantrolini ya aina ya zamani huja ikiwa unga katika vichupa vya miligramu 20, na kila kichupa hukorogwa kwa mililita 60 za maji safi ya sindano. Dozi ya kwanza ni miligramu 2.5 kwa kila kilo ya uzito. Mgonjwa wa kilo 80 anahitaji miligramu 200, yaani vichupa 10 na mililita 600 za maji, tena hiyo ni dozi ya kwanza tu. Inashauriwa hospitali iweke akiba ya vichupa 36. Kwa mazoezi vililetwa vichupa vilivyokwisha muda. Washiriki wanne walisimama mezani, saa ikawashwa. Unga wa rangi ya machungwa uligandamana chini ya kichupa, kukawa na kutikisa, kuinua kwenye mwanga kuona kama umeyeyuka, na kutikisa tena. Wa kwanza kumaliza kichupa chake alidhani kazi imekwisha, akakumbushwa kuwa bado vipo tisa. Ipo aina mpya, iliyopitishwa mwaka 2014, yenye miligramu 250 katika kichupa kimoja kinachokorogwa kwa mililita 5, na tofauti ya muda ilionekana mara moja. Lakini aina hiyo ni ghali, na zipo hospitali ndogo zinazoendelea na ile ya zamani. Zoezi lilipoisha swali lilikuwa moja: kama thieta ina watu watatu, na mmoja ameshika kisu na mwingine ameshika njia ya hewa, nani anatikisa vichupa? Jibu lililokubaliwa ni kwamba lazima jina la mtu huyo lijulikane kabla. Awe mfamasia wa zamu, mlinzi au karani wa mapokezi, alimradi ameshaonyeshwa jinsi ya kutikisa.

Kimo cha Boone kilipata somo lake, fupi lakini la manufaa. Hewa ya mita 1,016 ina mgandamizo wa milimita zipatazo 674 za zebaki, wakati pwani ni 760. Vyombo vingi vya kutoa mvuke wa usingizi hujirekebisha vyenyewe kwa sababu nguvu ya dawa hutegemea mgandamizo wa mvuke, na mvuke hautoki pungufu kwa kuwa uko mlimani. Desflurani, mojawapo ya dawa za usingizi za kuvuta, ni tofauti. Chombo chake huipasha moto hadi nyuzi 39 na kuchanganya mvuke wake kwa asilimia iliyowekwa kwenye kitufe, kwa hiyo mlimani asilimia ileile ina nguvu pungufu. Aliyezoea kuweka 6 Charlotte, akifika Boone itambidi akaribie 6.8 ili mgonjwa alale sawasawa. Fizikia hii inawahusu pia wanaofanya kazi Afrika Mashariki, ambako hospitali nyingi ziko juu kuliko Boone. Kijabe, kwenye ukingo wa Bonde la Ufa nchini Kenya, ambako hospitali ya misheni imekuwa ikifundisha wauguzi wa usingizi kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Vanderbilt cha Tennessee, iko mita zipatazo 2,200, na mgandamizo wa hewa huko haufiki asilimia 80 ya ule wa Mombasa.

Somo la dawa za kisukari na unene, semaglutidi na ndugu zake, lilipitiwa haraka, ingawa maswali yalikuwa mengi. Dawa hizo huchelewesha chakula tumboni, na mgonjwa aliyefunga tangu jana anaweza kuingia thieta tumbo likiwa limejaa, chakula kikapanda kooni na kuingia mapafuni. Ushauri wa Juni 2023 ulikuwa kuacha dozi ya kila wiki kwa wiki nzima kabla ya upasuaji. Oktoba 2024 vyama kadhaa vya kitaaluma vililegeza: wengi wanaweza kuendelea na dawa, wenye hatari zaidi wakila vyakula vya majimaji tu kwa saa 24. Muda kati ya ushauri mmoja na mwingine haukufika hata miezi 18. Mtu anayesoma mara moja kila miaka 4 angeupita wa kwanza bila hata kuuona.

Mchana wa mwisho uliachiwa kimbunga Helene, na hapo mahali pa semina pakawa sehemu ya somo. Kimbunga kiliingia nchi kavu Florida usiku wa tarehe 26 Septemba 2024, na siku iliyofuata kikawa juu ya milima ya North Carolina, ambayo tayari ilikuwa imelowa kwa mvua za siku zilizotangulia. Mito ilipanda, madaraja yakang'oka, miteremko ikaporomoka. Katika jimbo hilo peke yake walikufa watu zaidi ya 100. Maji yalipita katikati ya Boone, na masomo ya chuo kikuu yalisimama kwa zaidi ya wiki mbili. Wahudumu waliokuwa kazini siku ile walisimulia jinsi walivyolala hospitalini kwa sababu barabara ya kwenda kwao ilikuwa imeondoka.

Kusini-magharibi mwa Boone, mwendo wa saa moja na kitu kwa gari, katika bonde la North Cove karibu na mji wa Marion, kuna kiwanda cha kampuni ya Baxter. Kilikuwa kikitengeneza takriban asilimia 60 ya maji ya dripu yaliyotumika hospitali za Marekani, mifuko ipatayo milioni 1.5 kwa siku. Mafuriko yalikiingia na madaraja ya kufikia pale yakabomoka. Ndani ya siku chache hospitali zilizo mbali kabisa na milima hii zilianza kuhesabu mifuko na kuahirisha upasuaji usio wa haraka. Serikali iliruhusu mifuko iagizwe kutoka viwanda vya nchi za nje, daraja la muda likajengwa, na mwishoni mwa Oktoba sehemu ya kwanza ya uzalishaji ikaanza tena. Miaka 7 nyuma, kimbunga Maria kilipopiga Puerto Rico, mifuko midogo ya kampuni hiyohiyo ilikuwa imeadimika kwa sababu ileile. Kuweka zaidi ya nusu ya maji ya taifa zima katika bonde moja lenye mto ni uamuzi wa wafanyabiashara, na mzigo wake ulibebwa na wagonjwa.

Katika uhaba huo, watoa usingizi walilazimika kujiuliza mgonjwa yupi anahitaji dripu kweli. Kwa miaka mingi kila anayeingia thieta ametundikiwa mfuko wa lita moja, na mara nyingi sehemu kubwa ya maji hayo huishia kumwagwa kwenye sinki. Mwongozo wa Marekani umeruhusu tangu zamani mtu mzima mwenye afya anywe maji, chai isiyo na maziwa au juisi isiyo na nyama ya tunda hadi saa 2 kabla ya usingizi, lakini hospitali nyingi zilikuwa bado zikiwazuia watu kunywa tangu usiku wa manane, kisha zikiwatundikia maji asubuhi kufidia. Uhaba ulipobana, hospitali hizo ziliwaambia wagonjwa wanywe, zikatumia mifuko midogo, na kwa upasuaji mfupi zikaacha kanula ya mshipani imefungwa bila maji yoyote. Waliozungumza Boone walisema wagonjwa walifika wakiwa na nguvu zaidi na malalamiko ya kiu na kuumwa kichwa yalipungua. Baadhi ya hospitali zimebaki na utaratibu huo, nyingine zimerudi kwenye lita moja ya mazoea mara tu mifuko ilipopatikana.

Kabla ya kuondoka kila mshiriki alifanya mtihani mfupi, ambao bila huo pointi za daraja la A hazihesabiki. Akajaza pia karatasi inayouliza jambo moja atakalolibadilisha akirudi kazini. Majibu yalisomwa ukumbini bila majina. Kadhaa walisema watafunga kisu, kijiti na mpira katika mfuko mmoja na kuuweka mahali pasipohitaji kuulizwa. Mmoja aliandika kwamba angempigia simu mfamasia wake kuuliza ni vichupa vingapi vya dantrolini vilivyopo na vinaisha muda lini. Mama wa Nyeri hakungoja lake lisomwe. Alisema zoezi la vichupa atalifanya hospitalini kwake zamu ya usiku, wakati watu ni wachache, na ataanza na mlinzi wa mlangoni.